Kioo Kilipoganda: Laptopu, Mama Mkwe na Safari ya Machame



Leo hatuandiki habari za singo, wala za kufukiza nguo udi, wala za hina ipi inashika vizuri. Leo tunaandika habari za laptopu. Msicheke. Laptopu moja nusura ituvunjie posa, na tukikaa kimya wakati tunajua mwenzetu mmoja huko yuko kwenye hali ileile, tutakuwa tumemdhulumu.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja. Tumezaliwa Unguja, na miaka hii tunakaa Moshi kwa shangazi yetu. Mama yuko nyumbani, Unguja. Baba ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na walii wetu ni ami, ambaye anafanya kazi Muscat. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa bibi harusi. Hatutawaambia ni yupi, maana siku zile tulilia wote na tukacheka wote, kwa hiyo mtatuvumilia tukisema "sisi" mwanzo mpaka mwisho.

Posa ilitoka Machame, kwa watu wa mlimani, Waislamu wa siku nyingi, watu wa heshima zao. Kijana tulimjua, tabia tuliulizia, majibu yalikuwa mazuri. Kilichobaki ni wakubwa kuzungumza. Na wakubwa wenyewe ndiyo hao: mmoja Unguja, mmoja Muscat, mmoja Machame. Nauli ya kuwakutanisha ingekula mahari yote. Basi tukasema, si kuna intaneti? Tuwakutanishe kwenye kioo.

Usiku wa mazungumzo

Ilikuwa baada ya swala ya Isha. Laptopu tuliiweka juu ya meza ya chumbani, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni. Shangazi alikaa katikati, sisi tukakaa ubavuni kwake, tumejistiri, tumetulia kama tunapigwa picha ya pasipoti. Mama akatokea kwenye kioo, ami akatokea, na mama wa kijana akatokea kwa simu ya mwanawe kutoka Machame. Salamu zikaenda vizuri. Tukaulizana afya, tukaulizana mvua, tukaulizana kahawa.

Kisha mama wa kijana akasema neno lake. Alisema yeye ana mama yake mzee sana, hawezi kusafiri hata kufika mjini, na mjukuu huyu amemlea kwa mikono yake. Alikuwa anaomba harusi isiende Unguja kama tulivyopanga, ila ifanyike huku huku, na walima uwe nyumbani kwao, bibi aone kwa macho.

Neno zito hilo, kwa sababu mama yetu alishaanza kuzungumza na watu wa maturubai Unguja. Tukamtazama mama kwenye kioo tuone atajibuje. Na hapo hapo kioo kikaganda. Mama amefumba macho, ami ameinua kidole, shangazi yetu pembeni amekunja uso. Ile alama ya waifai pale chini ikapotea, na mazungumzo yakakatika.

Tulihangaika dakika kumi. Tuliporudi, mama wa kijana ameshaondoka. Tukampigia simu, haikupokelewa. Siku ya pili ikapita kimya. Siku ya tatu kijana akatuma ujumbe mfupi: "Mama anasema ameelewa jibu lenu."

Jibu gani, jamani? Hatukujibu kitu!

Mlima una intaneti, meza yetu haina

Kilichotuuma zaidi ni kwamba hapa tulipo si porini. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi mlimani, kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Desemba ya mwaka huohuo ikatangazwa imefika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mtalii anasimama kwenye theluji anamwonyesha mamake jua linavyochomoza. Sisi ruta iko hatua kumi na mbili kutoka mezani, na hatuwezi kumaliza kikao cha posa.

Fikra ya kwanza ilikuwa kuipeleka laptopu kwa fundi. Tukafika mpaka mlangoni, viatu miguuni, tukarudi. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya laptopu ile kulikuwa na picha zetu za nyumbani, vichwa wazi, za siku ya kujaribu nguo. Kulikuwa na sauti za somo wetu wa Unguja, ambaye alikuwa anamfunda bibi harusi kwa mbali, na nyie mnajua somo akianza kufunda hasemi mambo ya kusikilizwa dukani. Unamkabidhi mwanamume usiyemjua sanduku lako la siri, unamwambia "nitarudi kesho jioni"? Hatusemi mafundi ni watu wabaya, wapo waaminifu wengi. Lakini sitara ni yako, na wa kwanza kuilinda ni wewe.

Basi tukaamua: kwanza tujaribu wenyewe. Tukishindwa, tutampelekea fundi, lakini kwa utaratibu. Huo utaratibu tutawaeleza mwisho.

Daftari la harusi likageuka daftari la uchunguzi

Kosa letu la mwanzo lilikuwa kubofya kila kitu kwa hasira. Tunazima, tunawasha, tunabadilisha neno la siri, tunalaumu ruta, tunalaumu mvua. Shangazi, ambaye hajawahi kushika laptopu maishani, ndiye aliyetupa akili. Akasema, "Mtoto akiwa na homa, daktari hukuuliza inapanda saa ngapi. Nyie mmeandika inakatika saa ngapi?"

Tukachukua daftari tulilokuwa tukiandikia hesabu za harusi, tukafungua ukurasa wa nyuma, tukachora mistari. Kila inapokatika tunaandika mambo manne. Saa ngapi. Laptopu iko wapi. Iko kwenye chaja au inatumia betri. Na simu zetu, zinazotumia waifai ileile, zimekatika nazo au zinaendelea.

Hili la nne ndilo la maana kuliko yote, dada zetu, na ndilo watu wengi wanaliruka. Simu na laptopu zikikatika pamoja, ugonjwa uko kwenye ruta, au kwenye umeme, au kwa kampuni inayokuletea intaneti, au mbali zaidi ya hapo. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika? Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Siku kama ile ungefungua laptopu bisibisi kwa bisibisi na usingepata kitu. Lakini laptopu ikikatika peke yake na simu zinapeta, basi usiende mbali. Mgonjwa ni laptopu, au pale ilipowekwa.

Tazama pia alama ya waifai inasema nini. Ikipotea kabisa, laptopu imeachana na ruta. Ikibaki lakini pameandikwa hakuna intaneti, laptopu na ruta bado wanasemezana, na kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye ruta kwenda nje. Ni kama simu ya jirani: ama jirani hasikii ukimwita, ama anakusikia lakini simu yake haina salio.

Baada ya siku tatu daftari lilikuwa na mistari kumi na moja. Yote kumi na moja, simu zilikuwa nzima. Basi ruta ikaachiwa huru, tukaiomba radhi. Kisha tukaona jambo la pili: katika mara hizo kumi na moja, tisa laptopu ilikuwa inatumia betri. Mbili tu ilikuwa kwenye chaja, na hizo mbili zote ilikuwa chumbani, kwenye ile meza.

Tulitazamana. Wiki nzima tulikuwa tukisema "inakatika tu, haina sababu". Sababu ilikuwepo, sisi ndio hatukuiandika.

Dawa ya kwanza: laptopu iliyokuwa inabana matumizi

Laptopu ikitoka kwenye chaja hujaribu kuokoa betri. Inapunguza mwanga wa kioo, inapunguza kasi, na nyingine huzima hata kile kifaa kidogo cha ndani kinachoshika waifai, ikidhani hukihitaji. Kukiamsha tena wakati mwingine hakuamki vizuri. Ni kama mama mwenye nyumba anayezima taa za ukumbini ili kubana umeme, wakati wageni bado wanakula.

Tulichofanya ni hiki. Laptopu yetu inatumia Windows. Kwenye sehemu ya kutafuta tuliandika Device Manager, pakafunguka orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Tukaenda palipoandikwa Network adapters, tukabofya mara mbili jina lenye neno Wireless au Wi-Fi, kisha tukafungua ukurasa wa Power Management. Hapo pana kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Kilikuwa kimetiwa alama. Tukaiondoa alama, tukakubali, tukazima kompyuta na kuiwasha upya.

Kwenye laptopu nyingine ukurasa huo haupo. Usihangaike. Nenda kwenye mipangilio ya betri, zima hali ya kuokoa betri, na uchague utendaji bora badala ya kubana matumizi. Betri itakwisha mapema kidogo, ndiyo gharama yake.

Hapohapo tukafanya mambo mengine mawili ya kusafisha njia. La kwanza, tuliiambia laptopu iusahau mtandao wa nyumbani, kisha tukaunganisha upya kwa neno la siri, kwa sababu wakati mwingine mipangilio ya zamani huwa imeharibika. La pili, tukaweka draiva mpya. Draiva ni ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa chake. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, si kwenye tovuti za ajabu zinazokuahidi kutengeneza kila kitu bure. Na kama laptopu haitulii mtandaoni hata dakika tano za kupakua, chomeka simu yako kwa waya wa USB na uigawie laptopu intaneti ya simu kupitia waya huohuo. Hapo waifai haihusiki kabisa.

Siku nzima tukatumia laptopu kwa betri, sebuleni, jikoni, barazani. Haikukatika hata mara moja. Alhamdulillah, tukashangilia. Usiku tukaingia nayo chumbani, tukaiweka mezani, tukamfungulia somo. Akafika pale pa kusema "sasa sikilizeni vizuri", na kioo kikaganda.

Dawa ya pili: kabati la bibi harusi

Tukarudi kwenye daftari. Ile mistari miwili ya chumbani tulikuwa tumeidharau. Tukajiuliza, chumbani kumebadilika nini? Mwaka mzima tulikuwa tunatumia laptopu mezani pale bila tabu.

Jibu lilikuwa limesimama mbele yetu, limeng'aa. Kabati! Kabati la bibi harusi, milango mitatu, kila mlango una kioo kutoka juu hadi chini. Lilikuwa limeletwa wiki ileile ya mazungumzo, na fundi seremala alilisimamisha ukutani, upande uleule ilipo ruta. Sasa mawimbi ya waifai yakitoka sebuleni yanapita ukuta wa tofali, halafu yanakutana na vioo. Na mgongo wa kioo umepakwa madini, kwa hiyo kinarudisha mawimbi kama kinavyorudisha mwanga. Sisi tulikuwa tunajitazama mbele ya kabati, na nyuma yake waifai nayo inajitazama.

Si kioo peke yake. Mabati, friji, jiko la chuma na tangi la maji navyo ni adui wa waifai. Chuma kinairudisha, maji yanaimeza. Hata oveni ya maikrowevu inapofanya kazi husumbua waifai ya gigahezi 2.4, kwa sababu zinatumia mawimbi ya karibu sana.

Na hapa kuna siri nyingine iliyotufaa. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya 5 yana kasi, lakini yanachoka upesi yakikutana na kuta. Ya 2.4 yana kasi ndogo, lakini yanafika mbali. Fikirini harusi ya mtaa wa pili: mlio mzito wa ngoma unaupata kitandani kwako, lakini sauti nyembamba ya zumari inaishia njiani. Ndivyo yalivyo. Laptopu yetu ilikuwa inang'ang'ania ya 5 kwa sababu ya kasi, ikifika chumbani inalegea, inarukia ya 2.4, kidogo inarudi tena ya 5. Katika kuruka huko ndipo tulipokuwa tunaanguka.

Tukaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kuandika kwenye kivinjari ile anwani na neno la siri vilivyobandikwa mgongoni mwake. Tukayapa mawimbi hayo majina mawili tofauti. Sebuleni tunatumia ya 5, chumbani tunatumia ya 2.4. Kama una majirani wengi wenye ruta, hapohapo unaweza kuchagua njia ya 1, 6 au 11 kwa hiyo ya 2.4, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani, ukachukua ile isiyo na msongamano. Na ukishaingia humo, badilisha neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio. Lile la kiwandani wengi wanalijua.

Kisha ruta tukaitoa nyuma ya televisheni tukaipandisha juu ya rafu, mahali pa wazi, penye hewa. Na kabati tukalihamishia ukuta wa pili. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote. Wanawake watatu na kabati la mninga, tunasukuma huku tunasoma Bismillah. Vidole vya mguu vya mmoja wetu bado vinakumbuka.

Somo akapigiwa. Akafunda saa nzima, hajakatika. Tulitamani akatike.

Kilichobaki hakitengenezwi kwa kompyuta

Laptopu ilipona siku ya Jumatano. Lakini moyo wa mama kule Machame haukuwa na kisanduku cha kuondoa alama.

Tulitaka kumpigia tumweleze. Shangazi akakataa. Akasema, "Jambo lililoharibiwa na kioo halitengenezwi na kioo. Vaeni masweta, twendeni."

Jumamosi asubuhi tukapanda gari kwenye barabara ya Arusha, tukashuka Njia Panda ya Machame, tukapanda gari nyingine la kupanda mlima. Kadiri unavyopanda ndivyo joto la mjini linavyokuacha. Migomba inakuwa mirefu, chini yake kahawa, pembeni mfereji wa maji unakimbia. Kibo ilikuwa wazi asubuhi ile, haijajifunika mawingu. Tulibeba haluwa, karafuu na doti mbili za kanga, moja ya mama na moja ya bibi.

Mama wa kijana alitupokea mlangoni. Hakununa, lakini hakutabasamu. Akatukaribisha ndani, akatuletea mtori wa moto, akakaa. Shangazi akaanza kuomba radhi kwa niaba ya kioo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Wanangu, mimi nilisema neno ambalo lilinichukua siku mbili kulitayarisha. Nilipomaliza nikawatazama. Mama yenu amefumba macho. Ami yenu amenyoosha kidole. Wewe wifi yangu umekunja uso. Halafu mkazima. Ningefikiri nini?"

Tukamweleza. Mama kufumba macho, ilikuwa ni kupepesa tu. Ami kunyoosha kidole, alikuwa anarekebisha simu yake. Na shangazi kukunja uso, alikuwa anatafuta miwani! Kioo kilichukua nusu ya sekunde ya kila mtu kikaitengenezea hukumu.

Alicheka, mama wa watu. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha na yeye akatuomba radhi, kwamba simu yetu aliiona ikiita na hakuipokea kwa sababu alikuwa anaogopa kusikia "hapana" kwa sauti. Hilo lilitugusa. Sisi tulidhani tumedharauliwa, kumbe mwenzetu anaogopa.

Akatoka nje, akarudi na jani la isale. Nyie mnaokaa pwani huenda hamulijui. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, Wachagga huuotesha mipakani mwa kihamba, na kwa mila yao mtu akikuletea jani lake anaomba radhi na amani, na ni vigumu kumkatalia. Akampa shangazi. Shangazi akalipokea kwa mikono miwili. Kisha tukapelekwa chumba cha ndani kwa bibi, ambaye alitushika nyuso mmoja mmoja akauliza, "Yupi?" Tukamwonyesha. Akasema, "Basi mwaka huu sifi."

Tulipokuwa tunashuka hatukusemezana sana. Tulikuwa tunamfikiria mama yetu Unguja na maturubai yake.

Kikao cha pili

Safari hii hatukubahatisha. Tulinunua waya wa mtandao, tukauchomeka kutoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye laptopu, sebuleni, wageni wameagwa mapema. Waya haujui kioo wala ukuta. Kwa jambo kubwa, dada zetu, tumieni waya. Chaja ndani, simu moja ina bando la akiba la kugawia intaneti endapo umeme utakatika na ruta kuzimika. Na kabla ya kuanza, shangazi akatangaza sharti: "Mtu akiganda, tunamsubiri. Hakuna kutafsiri sura ya mtu aliyeganda."

Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Ule waya ulikuwa kamba ya ngamia wetu.

Mama wa kijana akarudia ombi lake. Mama yetu alinyamaza kidogo, na safari hii tulimwona akinyamaza, kioo hakijaganda. Machozi yakamtoka. Akasema, "Dada yangu, mimi mama yangu alikufa hajaona harusi ya mwanangu hata mmoja. Siwezi kumnyima mama yako." Ami akaafiki, akasema atamkabidhi uwakala shehe wa hapa Moshi. Ikapangwa: nikaha Moshi, walima Machame mbele ya bibi, kisha bibi harusi apelekwe Unguja akaonwe na watu wake, na maturubai ya mama yasiende bure.

Na ndivyo ilivyokuwa, alhamdulillah.

Kama itabidi umwone fundi

Tuliahidi kuwapa utaratibu. Ukishajaribu yote haya na laptopu bado inakatika, huenda kifaa cha waifai cha ndani kimechoka au waya wake wa antena umelegea. Unaweza kununua kijiti cha waifai kinachochomekwa kama flashi, hakina gharama kubwa. Kama ni lazima ifunguliwe, fanya haya:

- Hamisha picha, video na sauti zako zote kwenye flashi au diski ya nje, kisha zifute kwenye laptopu, na umwage pia kwenye pipa la taka la kompyuta.
- Toka kwenye barua pepe, WhatsApp na kurasa zako zote, na ufute maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.
- Fungua akaunti ya pili isiyo na kitu, umpe fundi neno la siri la hiyo, si lako.
- Kaa palepale mpaka amalize, wewe na ndugu yako au mahram wako. Kazi ya waifai mara nyingi si ya kulaza kifaa.
- Mpe fundi lile daftari. Fundi mzuri atakushukuru, maana umemmalizia nusu ya kazi.

Kumbuka tu kwamba picha iliyofutwa mwenye ujuzi anaweza kuirudisha. Kwa hiyo dawa kubwa ni kutoweka kwenye laptopu ya kila siku kitu ambacho usingependa kionwe.

Bibi harusi mtarajiwa unayesoma haya, huenda na wewe ndugu zako wametawanyika, mmoja Pemba, mmoja Mombasa, mmoja Muscat, na nusu ya harusi yako inapangwa kwenye kioo. Kioo kikiganda, usihukumu uso ulioganda. Subiri, piga tena, na ukiweza panda gari uende. Laptopu yetu ilihitaji siku tano kupona. Posa yetu ilihitaji asubuhi moja na bakuli la mtori.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu, na azilainishe nyoyo za wakwe zetu na zetu pia. Amin.

Maa salaam.